Nilijiunga na utafiti wa dawa za presha hapa Tabora: maelezo mazuri, vipimo vizuri, ila majibu bado tunadai

Nawapa nyota 3 na nusu kati ya 5 na ntaeleza kila kipande kimepungua wapi, maana najua kuna watu hapa Tabora wameshaitwa au wataitwa kwenye hizi tafiti za dawa na hawana wa kumuuliza, wanabaki kuulizana wenyewe kwa wenyewe sokoni na kwenye daladala. Swali la kwanza la kila mtu ni eti wanalipa? La hela ntalijibu huko chini, kwa sasa nisikilizeni kwenye mengine kwanza.

Mimi nina presha, naishi Ipuli, nauza nafaka. Utafiti wenyewe ulikuwa unalinganisha vidonge vya presha ambavyo tayari vinajulikana, si dawa mpya ambayo haijawahi kumezwa na binadamu. Kituo sikitaji, kuna mambo ntayalalamikia na wale manesi waliotuhudumia ni watu wema mno sitaki mtu apate shida kazini kwa ajili yangu.

Hilo la dawa mpya au ya zamani ndo kitu cha kuuliza mapema kabisa, jamani. Tafiti za dawa zinaenda kwa awamu. Awamu ya 1 ni watu wachache, makumi tu, mara nyingi ni watu wazima wa afya, hapo wanaangalia dawa ni salama kiasi gani na dozi iwe ipi. Awamu ya 2 wanaongeza watu wenye ugonjwa wenyewe, awamu ya 3 ni mamia mpaka maelfu na hapo dawa inashindanishwa na matibabu yaliyopo, awamu ya 4 dawa iko madukani tayari ila wanaendelea kuifuatilia. Sasa mtu akikwambia njoo kwenye utafiti muulize hii ni awamu ya ngapi, asipojua kukujibu au akianza kuzunguka zunguka we aga urudi nyumbani. Mimi niliuliza nikajibiwa palepale bila mtu kukunja sura na hapo walianza vizuri na mimi.

Walivyotupata: nesi alikuja kliniki ya presha asubuhi tukiwa tumekaa kwenye mabenchi, akajitambulisha, akasema wanatafuta watu wa umri fulani ambao presha yao imegoma kushuka chini ya 140 kwa 90, asiye mjamzito, asiye na ugonjwa wa figo, hiari tupu, asiyetaka anaendelea na kliniki yake kama kawaida na hakuna atakayemnunia. Wengine tulinyoosha mikono. Kuna mama mmoja wa Kanyenye alitaka sana kujiunga, walipompima wakakuta figo hazijakaa sawa wakamwambia hafai. Wakamwambia hivyohivyo, "hufai", yule mama alitoka pale machozi yanamlengalenga akidhani ameambiwa anakufa. Hii nawatoa nusu nyota. Vigezo vya kuchagua watu vipo ili kumlinda huyohuyo mgonjwa, dawa nyingine zinaweza kumuumiza mwenye figo dhaifu, basi hayo maneno angeambiwa taratibu, akaoneshwa na daktari wa kumwona kuhusu hizo figo, angetoka pale ameshukuru maana wamemgundulia tatizo bure. Mtu aliyekuja kujitolea mwenyewe kwa moyo wake anastahili kuagwa vizuri.

Sasa nije kwenye ridhaa, maana hapa walinigusa kabisa na ndo sababu naandika. Nilizoea hospitali unapewa karatasi unaoneshwa mstari wa kusaini, nesi keshamgeukia mtu mwingine. Hawa hapana. Tulikaa chumbani wawili, mlango umefungwa, akanisomea fomu ya Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, kila akimaliza kipande ananiuliza hebu nieleze wewe umeelewaje, nikikosea anarudia. Akanieleza watachukua damu kiasi gani na ya nini, vidonge vinaweza kuleta nini, mfano amlodipini, moja ya vidonge vya presha, inaweza kuvimbisha miguu, naweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na nikijitoa kliniki yangu inabaki palepale, jina langu halitaandikwa kwenye makaratasi yao ya utafiti natumia namba. Asiyejua kusoma anakuja na shahidi wake, mtu ambaye si wa utafiti, anasikiliza yote kisha mshiriki anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Alafu mwisho akaniambia usisaini leo, nenda nayo nyumbani, soma na watu wako.

Nilikwenda nayo, nikaisoma na shangazi yangu niliyelelewa naye. Shangazi hakutaka hata kuiona ile karatasi. "Mwanangu, hao wanakwenda kuuza damu yako, sisi tulisikia habari za mumiani tangu wadogo, na wewe unajipeleka kwa miguu yako?" Nilijaribu kumwelewesha nikashindwa, nikaona bora nimchukue twende wote wakaongee naye.

Nesi alimwamkia "shikamoo mama", akampa kiti kizuri, akamwacha aseme yote mpaka akamaliza. Hakumcheka, hakumwambia mambo ya kizamani. Akamletea vile vichupa vya damu vitupu akaviweka mezani, akachukua kijiko cha chai akamimina maji ya kijiko kwenye kichupa, yakakaribia kujaa, akasema mama kijiko kimoja ni mililita 5, tunachukua hivi vichupa vichache basi, kwenye kuchangia damu wanachukua mililita 450 na mtu anatoka anatembea. Shangazi akakaa kimya kidogo kisha akauliza swali ambalo mimi msomi wa kidato cha nne sikuwa nimeliwaza: "Na akizidiwa usiku huko Ipuli, nani anamfuata?" Nesi akafungua ukurasa wa mwisho wa fomu, akaonesha namba ya daktari wa utafiti inayopatikana saa 24, na kipande kinachosema nikipata madhara kwa sababu ya utafiti matibabu ni juu yao na kuna bima ya washiriki. Shangazi akataka ipigwe palepale asikie kama inapokelewa. Ikapigwa, ikapokelewa. Ndo akasema haya, saini.

Nataka nimtetee shangazi hapa kwa sababu kuna watu wasomi wakisikia habari kama hizi wanawaita wazee wajinga. Hofu yao ina sababu. Kule Tuskegee, Alabama, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 serikali ilifuatilia wanaume weusi kama 600, 399 kati yao wana kaswende, wakadanganywa kwamba wanatibiwa "damu mbaya" na hawakupewa tiba hata penisilini ilipokuwa imeshakuwa dawa ya kawaida ya kaswende. Miaka 40! Watu wamekufa, wake zao wameambukizwa. Kwa hiyo mzee akiogopa kupimwa damu na wageni wenye makoti meupe anaogopa kitu ambacho binadamu wamewahi kufanyiwa kweli, na kumjibu ni kwa kumwonesha kila kitu mezani kama yule nesi alivyofanya.

Na ulinzi siku hizi upo, ukijua pa kuuliza. Duniani kuna Azimio la Helsinki la madaktari la 1964 ambalo linasema afya ya mshiriki iko juu ya faida ya sayansi. Hapa kwetu utafiti wa afya unapita kwenye kamati ya maadili, ya taifa iko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoanzishwa kwa sheria ya 1979 na wana kituo hapahapa Tabora ambacho watu wengi wanakijua kwa mambo ya malale na ndorobo, yaani mbung'o. Cheti chao cha maadili kina namba inayoanza na NIMR/HQ/R.8a, we omba uoneshwe, ni haki yako. Na kama ni majaribio ya dawa basi TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima wawe wametoa kibali, hawa ndo wale zamani tukiwaita TFDA mpaka 2019. Mimi nilioneshwa vyote viwili, vimebandikwa ukutani kabisa.

Kingine, mshiriki wa utafiti halipi. Mtu akikupigia akasema kuna utafiti wa sukari au wa nguvu za kiume tuma elfu kumi ya usajili, huyo ni tapeli, ndugu yao wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mblock.

Vipimo sina la kulalamika hata kidogo, hapa wanabeba nyota nzima. Presha walikuwa wanapima mara tatu, umekaa umetulia kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza, hamna kuongea. Kwenye kliniki ya kawaida unapimwa umetoka kupanda bodaboda na mashine inakwambia 170 unachanganyikiwa bure. Damu, mkojo, figo, sukari, kipimo cha umeme wa moyo, vyote bure, na majibu yangu mimi nilikuwa napewa palepale na daktari ananieleza. Kuna baba wa Uyui tuliyekuwa naye foleni moja aligundulika ana sukari, hakuwa anajua kabisa, akaandikiwa barua ya kwenda kliniki ya sukari.

Ila msijidanganye kwamba ni matibabu ya kifahari ya bure, na manesi wenyewe walituambia hivyo bila kuficha. Utafiti haujaanzishwa kwa ajili yako wewe, umeanzishwa kujibu swali, wewe unasaidia kulijibu. Kidonge utakachopata hakichaguliwi na daktari kwa kukuangalia, kinachaguliwa kwa bahati nasibu na kompyuta, na kwetu sisi hata daktari anayekupima hakuwa anajua uko kundi gani ili asije akapendelea kundi moja. Hili liliwasumbua wengi, kuna kijana alisema kwa hiyo mnatuchezea bahati nasibu na uhai wetu? Akajibiwa vizuri kwamba tungekuwa tunajua ipi bora tusingefanya utafiti, tungewapa hiyo wote, na makundi yote yanapata dawa halisi hakuna anayeachwa bila tiba, na presha ya mtu ikipanda kupita kiasi anatolewa anatibiwa inavyomfaa. Mimi nilielewa. Kijana aliamua kuondoka na walimwaga kwa heshima, hilo pia niliwapenda.

Dodoso la chakula ndo lilinichosha. Wanauliza vipande vingapi vya mkate kwa siku, jibini mara ngapi kwa wiki. Jamani sisi Tabora! Hamna swali la michembe wala matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukausha, hamna nsansa, yaani mboga za majani za kukausha, asali hamna, na huu ndo mkoa wa asali. Wanauliza unatumia chumvi vijiko vingapi kwa siku, sasa mimi napika chungu kimoja kwa watu wengi, tunakula sahani moja, chumvi ya Uvinza natia kwa kukadiria kwa mkono, na dagaa wa Kigoma wamekuja na chumvi yao tayari, hapo nikujibu vijiko vingapi? Chumvi na presha ni ndugu wa damu, WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kwa hiyo hilo swali ni la maana mno kuulizwa kizembe hivyo. Nilimwambia yule mdada anayejaza akaniambia dodoso lilikuja hivyo. Basi waliotengeneza wangekaa siku moja tu na mama mmoja wa Isevya jikoni kwake.

Hela sasa. Hawalipi mshahara. Wanarudisha nauli na kitu kidogo cha muda wako na chai, na ni sawa kuwa hivyo, ikiwa hela kubwa mtu maskini ataficha hata ugonjwa ili asitolewe. Shida ni kwamba nauli ilikuwa inachelewa, unaambiwa mfumo, unaambiwa itaingia kwenye simu jioni, jioni haijaingia. Mimi wa Ipuli hata kwa mguu nafika, ila mtu ametoka Sikonge amekopa nauli ya kuja, unamwambiaje mfumo? Nusu nyota nyingine imekwenda hapo.

Na ratiba zao hazijui kilimo. Kuna watu walikuwa hawaonekani wakapigiwa simu wakakemewa kidogo kwamba wanaharibu utafiti, wakati ni msimu wa tumbaku na mtu yuko kwenye bani anachochea moto wa kukaushia, usiku na mchana, akiuacha jasho la mwaka mzima limeungua. Mvua za kwanza nazo kila mtu yuko shamba. Hao wakitoka wanaandikwa wamepotea. Hawajapotea, mnajua walipo, wapangieni tarehe zinazopishana na shamba au mtu wa utafiti apande pikipiki awafuate. Hili nilimwambia daktari mwenyewe na aliandika kwenye daftari lake, sijui lilifika wapi.

Kwa wanaotaka kutafuta wenyewe kwa simu, zipo orodha za tafiti mtandaoni, ipo ClinicalTrials.gov ya Marekani iliyofunguliwa 2000, na ipo PACTR ya Afrika inayoendeshwa kutoka Cape Town, zote bure. Unaandika ugonjwa, unaandika Tanzania, unachagua zile zinazopokea watu. Utaona nani anaendesha, awamu ya ngapi, vigezo, wanataka watu wangapi. Ila kuwepo kwenye orodha si uthibitisho kwamba utafiti ni salama, wenyewe ClinicalTrials.gov wameandika hivyo, kwa hiyo bado cheti cha NIMR uulize. Na lugha ni Kiingereza kigumu, bibi yangu wa Nzega haiwezi, hata mimi nilihitaji kijana wa jirani. Nilipotafuta Tabora nilikuta vitu vichache sana ukilinganisha na Mwanza, Moshi, Bagamoyo, Ifakara. Iliniuma, kwa kweli iliniuma. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha mkoa wetu unaongoza kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5, kama asilimia 23, alafu watoto waliojitolea kwenye majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S hapa nchini walikuwa wa Bagamoyo na Korogwe. Nawashukuru hao watoto na mama zao kutoka moyoni, walikuwa sehemu ya vituo 11 katika nchi 7 na ndo WHO ikaipitisha chanjo mwaka 2021. Ila watafiti wajue na huku kuna watu wako tayari, wafuatwe tu.

Kwa nini mimi nilikubali? Kuna daktari pale alitueleza habari ya utafiti unaitwa CREOLE uliotoka 2019, wagonjwa wa presha weusi 728 kutoka nchi 6 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, na ukaonesha mchanganyiko wa vidonge wenye amlodipini ndani yake unashusha presha zaidi kuliko ule wa dawa nyingine mbili za presha, perindoprili na haidroklorothayazaidi, bila amlodipini. Hicho kitu kisingejulikana kwa kupima watu wa London peke yao. Na Mwanza hapo jirani, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 waliingia utafiti wa DoRIS wa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wengine dozi 1, wengine 2, wengine 3, na majibu yao pamoja na ya tafiti nyingine yakaonesha dozi 1 inatosha kujenga kinga inayodumu, 2024 nchi nzima ikahamia dozi 1. Binti yangu amechomwa sindano moja shuleni akamaliza. Sindano moja kwa sababu kuna wasichana wa Mwanza walikubali kutolewa damu tena na tena kwa miaka. Nilipounganisha hayo mawili sikuona kwa nini mimi nikae pembeni.

Sasa linalonikera, na nyota ya mwisho imekatika nusu hapa. Tumemaliza. Dawa zetu tulizozoea zimeishia siku ya mwisho, tukapewa barua ya kurudi kliniki zetu, na wengine walipofika huko wakakuta vidonge walivyokuwa wakitumia havipo dirishani wanaambiwa wakanunue duka la dawa la nje. Hili lilitakiwa kujibiwa kabla hatujasaini: utafiti ukiisha nani anaendelea kunipa? Na majibu ya utafiti wenyewe mpaka leo hatujayapata. Nimepiga simu nikapokelewa vizuri nikaambiwa bado wanachambua, kisha watachapisha kwenye jarida. Jarida lipi, la wapi, litasomwa na nani hapa kata ya Ng'ambo? Damu ni yetu, miguu iliyovimba ni yetu, wale wa Sikonge walikopa nauli, tuna haki ya kuitwa kwenye ofisi ya kata tukaelezwa kwa Kiswahili dawa ipi ilishinda na mimi nilikuwa kundi gani, au waende redio ya hapa mjini wazungumze nusu saa, haigharimu kitu kikubwa.

Ukiitwa nenda, mimi wakiniita tena naenda. Ila kabla ya kusaini mwombe nesi akuoneshe kwenye fomu sehemu inayosema majibu mtaletewa lini na wapi, na sehemu ya dawa baada ya utafiti. Kama haipo mwambie ampelekee mkuu wake, na nakala yako ya fomu usiiache pale kituoni, ibebe, maana ina namba za kamati ya maadili na hao wanapokea malalamiko ya mshiriki yeyote. Mimi zangu nimeshawapigia kuhusu haya majibu, wamepokea lalamiko langu na kuniambia watawaandikia watafiti.